Yule jamaa wa dirisha la TEHAMA kanisomea mambo yangu KWA SAUTI mbele ya foleni nzima!!!

Mtoro wa Kipindi (mleta uzi)

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie.

Mnamjua. Sitaji jina, sitaji cheo, wala sisemi lolote kuhusu ile sweta. Ni yuleyule. Yule mwenye bunda la funguo kiunoni wakati milango yote ya jengo inafunguliwa kwa kadi. Yule ambaye hujamaliza kusalimia keshakuuliza "umezima ukawasha?"

Leo nimeamka akaunti yangu imefungwa. Nikaenda dirishani kistaarabu, nikapanga foleni. Foleni yenyewe ndefu, wa mwisho atahudumiwa muhula ujao. Zamu yangu ikafika. Nikamwambia, "Samahani kaka, akaunti haifunguki, naomba msaada." Kaandika namba yangu ya usajili, kaitazama skrini, katabasamu. Wakuu, lile tabasamu! Halafu akaanza kusoma. Kwa sauti. Tena sio kunong'ona kwa mtu anayetafuta faili, hapana, alisoma kwa SAUTI ya kutangaza washindi. Tovuti hii, saa hii. Tovuti ile, saa ile. "Saa nane usiku ulikuwa unatafuta..."

Nikamwambia kaka, hayo ni mambo yangu binafsi. Akanijibu bila kuinua macho: "Ulibofya Nakubali."

Nani duniani hakubofya Nakubali? Siku ya usajili unataka waifai, fomu iko mtandaoni, na dirisha la kuirudisha linafungwa saa hiyohiyo. Sera ya Matumizi ya TEHAMA ina kurasa nyingi kuliko tasnifu yangu, na ukibofya "Sikubali" unarudishwa palepale mpaka ukubali. Leo nimeisoma yote kwa hasira. Imeandikwa mtumiaji asitarajie faragha kwenye vifaa na mtandao wa chuo, na kwamba kumbukumbu za matumizi zinaweza kukaguliwa kwa ajili ya usalama, matengenezo au uchunguzi. Haya, kukaguliwa. Nimetafuta mstari unaosema "na kusomwa kwa sauti mbele ya foleni." Haupo. Nimerudia kutafuta. Haupo!

KWA SAUTI, wakuu. Mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka.

Kibatari

Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

Dada Semista

Pole kaka. Sasa saa nane usiku ulikuwa unatafuta nini? Usituache njiani.

Bingwa wa Sapu

Mleta uzi kaelezea tabasamu, kaelezea sweta, kaelezea foleni. Kilichosomwa kakiruka. Watu wazima tumeelewa.

Mtoro wa Kipindi

Kilichosomwa sio mada. Mada ni kwamba KILISOMWA.

Bingwa wa Sapu

Basi ni kilekile ninachokifikiria.

Fundi Nyaya

Ngoja nitie neno la kitaalamu kabla uzi haujaharibika. Tovuti nyingi siku hizi zinatumia HTTPS, njia ya kufunga mawasiliano kati yako na tovuti. Mtu wa mtandao anaona umekwenda tovuti gani, saa ngapi, na umevuta data kiasi gani. Maneno uliyoandika kwenye kisanduku cha kutafutia hayaoni, yanapita yakiwa yamefungwa. Akiyaona maneno yenyewe, basi ama ulikaa kwenye kompyuta ya maabara, ambayo ni mali yao na wanaweza kuweka humo wanachotaka, ama laptopu yako ina cheti cha usalama cha chuo, kile kinachowawezesha kufungua mawasiliano katikati ya safari, kuyatazama, kisha kuyafunga upya yaendelee. Mleta uzi, wewe uko kundi gani?

Mtoro wa Kipindi

Kuna kiprogramu walisema bila kukisakinisha waifai haiji. Ulitaka nifanyeje, nisomee kwa moshi? Halafu nilikuwa kwenye hali fiche!!

Kibatari

HALI FICHE hahahahaha

Dada Semista

Kaka yangu. Ukifungua hali fiche kwenye Chrome, ukurasa wenyewe unakuandikia kwamba shule yako au mwajiri wako bado anaweza kuona unachofanya. Wamekuonya kabla hujaandika hata herufi moja. Ile inakuficha kwa huyo mwenzako wa chumbani anayeazima laptopu yako, basi.

Mtoro wa Kipindi

Sawa dada, aone. Si aone kimyakimya? Mimi sijakataza mtu kuona. Kaona, kanyamaza, kafungua akaunti, mimi nimeondoka, kila mtu na heshima yake. Yeye KASOMA. Na pale kwenye jina la tovuti alipokwama kulitamka, akalirudia silabi kwa silabi!

Kamba Mbili

Mkuu badili anwani ya MAC, ile namba inayotambulisha kifaa chako kwenye mtandao, watakutafuta mpaka wachoke.

Fundi Nyaya

Simu tangu Android 10 zinajibunia zenyewe anwani ya MAC tofauti kwa kila mtandao. Lakini kuingia unaingia kwa namba yako ya usajili na nywila yako. Ni kujifunika uso huku kitambulisho kinaning'inia shingoni.

Kamba Mbili

Basi aweke VPN, ile inayoficha unakokwenda mtandaoni.

Fundi Nyaya

Akiweka VPN hawaoni tovuti, wanaona tu kwamba yuko kwenye VPN. Na sera nyingi za vyuo zinakataza kukwepa vichujio vya mtandao. Kwa hiyo atasomewa kosa moja refu badala ya mengi mafupi.

Mtihani Mgumu

Mleta uzi shukuru. Wewe umesomewa, mimi nimepekuliwa chumba. Mtihani wa mtandaoni, kabla ya swali la kwanza programu inakuamuru uzungushe kamera: meza, kuta, mlango, chini ya kitanda. Nikazungusha. Ikasema mwanga hautoshi, rudia. Nikarudia. Ikasema kuna mtu wa pili chumbani. Yule mtu wa pili ni koti langu!

Kule Marekani mwanafunzi mmoja wa Cleveland State University alikaguliwa chumba kwa kamera hivihivi akakishitaki chuo. Mwaka 2022 jaji wa shirikisho huko Ohio akaamua kwamba ukaguzi ule ulikiuka Marekebisho ya Nne ya Katiba yao, yale yanayokataza upekuzi usio na msingi. Mimi hapa koti langu limeandikiwa taarifa ya udanganyifu.

Bingwa wa Sapu

Koti lilipata ngapi?

Mtihani Mgumu

Limenizidi.

Mzee wa Makabati

Vijana, mnadhani wanaopekuliwa ni nyinyi tu. Mwaka 2013 ilifichuka kwamba viongozi wa Harvard walipekua akaunti za barua pepe za walezi 16 wanaoishi na wanafunzi kwenye mabweni. Walikuwa wanamsaka aliyevujisha habari za ule mkasa mkubwa wa kuigiliziana mtihani. Chuo kikajitetea kwamba hawakusoma barua zenyewe, walitafuta kwa vichwa vya barua tu. Kelele zikawa kubwa, mwaka uliofuata wakaweka sera mpya. Na wale ni wakubwa, sio wewe wa sapu.

Mtoro wa Kipindi

Walisomewa kwa sauti?

Mzee wa Makabati

Hapana.

Mtoro wa Kipindi

Asante!! Hata Harvard hawakusoma kwa sauti!

Dada Semista

Tusilishane maneno. Kwenye sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, kama GDPR ya Ulaya iliyoanza kutumika 2018, taarifa iliyokusanywa kwa sababu fulani haitakiwi kutumiwa kwa sababu nyingine isiyoendana nayo. Ikikusanywa kwa usalama wa mtandao, kuchekesha foleni sio usalama wa mtandao. Kwa hapo nakuunga mkono. Lakini bado hujasema kilichosomwa.

Mtoro wa Kipindi

Haya. Mmenichosha. Alisoma hivi: "Namna ya kujua kama msimamizi wa tasnifu ameisoma au anajifanya ameisoma."

Kibatari

Mbona ni swali la msingi kabisa? Lilipata majibu?

Bingwa wa Sapu

Nimesikitika. Nilitarajia makubwa.

Mtoro wa Kipindi

Msimamizi alikuwa kwenye foleni.

Kibatari

NINI

Mtoro wa Kipindi

Nyuma yangu. Kashika laptopu yake kwapani, miwani imeshuka puani. Amesikia neno kwa neno, na neno "anajifanya" jamaa alilivuta: a-na-ji-fa-nyaaa. Nikageuka, tukatazamana. Profesa akasema, "Sura ya tatu nimeisoma." Peke yake, ya tatu! Tasnifu ina sura sita!

Dada Semista

Nimefunga uso kwa kitenge nacheka. Kaka, pole. Naomba uahirishe mwaka.

Mtihani Mgumu

Sasa umejua jibu la swali lako, kasoma moja kati ya sita. Mshukuru wa TEHAMA.

Fundi Nyaya

Ila mleta uzi kuna kitu unakizunguka tangu juu. Akaunti ilifungwa kwa nini?

Mtoro wa Kipindi

Sio mada.

Fundi Nyaya

Hawafungi akaunti ya mtu kwa kumshuku profesa.

Mtoro wa Kipindi

Nilikuwa nashusha Linux, mfumo wa kompyuta, kwa torenti, ile njia ya kuvuta mafaili vipande vipande kutoka kwa watumiaji wengine. Linux ni programu huria, ni halali kabisa, mtu yeyote anaruhusiwa.

Fundi Nyaya

Linux ya usambazaji wa kawaida ni GB chache tu. Ulishusha kiasi gani?

Mtoro wa Kipindi

Linux nyingi.

Kamba Mbili

SUBIRI KWANZA. Kumbe ni wewe!! Wiki nzima bwenini ukurasa mmoja unafunguka herufi baada ya herufi, mimi nawasilisha kazi kwenye mfumo unazunguka tu, tarehe ya mwisho inapita naitazama, kumbe mheshimiwa anashusha "Linux" zenye misimu minne na vipande kumi kila msimu!

Mtihani Mgumu

Mtihani wangu ulikatika katikati. Nilidhani ni koti.

Bingwa wa Sapu

Namtaka wa dirishani asome tena. Asome na kwa kipaza sauti.

Mtoro wa Kipindi

Wakuu tusitoke nje ya mada. Mada ni SAUTI.

Mama Registri

Mimi kero yangu ni nywila. Kila baada ya siku chache mfumo unanilazimisha nibadili, isifanane na zilizopita, iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Nimeishiwa alama. Sasa naiandika kwenye karatasi nabandika chini ya kibodi, na najua ofisi nzima tumebandika.

Fundi Nyaya

Ulazimishaji huo umepitwa na wakati, mama. NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2017 ilishauri watu wasilazimishwe kubadili nywila kila baada ya muda bila dalili kwamba imevuja, kwa sababu wakichoka wanaongeza tarakimu mwishoni tu. Ya mwaka jana ilikuwa inaishia na moja, ya sasa inaishia na ngapi?

Mama Registri

Kumi na nne. Umejuaje?

Kibatari

Mama umeshatuambia nusu ya nywila.

Mama Registri

Siogopi, kesho nabadili.

Mtoro wa Kipindi

Wakuu jamani. Mlinzi aligeuka!

Kamba Mbili

Wewe nyamaza, urudishe mtandao wetu.

Mzee wa Makabati

Nywila ni afadhali. Nani anayejua printa ya maktaba inataka nini? Nimetuma waraka wa kurasa arobaini, salio limekatwa la kurasa arobaini, imetoa karatasi moja.

Dada Semista

Ile ya karibu na ngazi? Ile haitaki PDF. Ibadilishe iwe picha kwanza.

Mtihani Mgumu

Usiende ya karibu na ngazi, inakata salio hata ikiwa haina wino. Nenda ya ghorofa ya pili, lakini uipige upande wa kushoto.

Kibatari

Kushoto kwako au kushoto kwa printa?

Mzee wa Makabati

Nimeipiga pande zote. Hiyo karatasi moja imeandikwa "ukurasa wa majaribio."