Tupeane uzoefu: kidato cha sita Tanga, kisha chuo nje. Shule inaandaa nini, inaacha nini?

Kijana wa Ngamiani: Shikamooni wakubwa. Kuna vijana hapa Tanga wako kidato cha tano na wanawaza chuo nje. Mnaozijua njia hizi mwageni vitu. Hadithi tuziweke kando, tupeni hatua.

Mwalimu Chumbageni: Marahaba. Masomo yenyewe yasiwatishe. Aliyeiva PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), sehemu kubwa ya kalkulasi na vekta za mwaka wa kwanza ameshakutana nazo. Kinachowaangusha ni kalenda. Mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani) wa kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai, lakini vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba. Kwa hiyo maombi yanakwenda mtoto akiwa bado darasani, kwa matokeo ya kidato cha nne na alama za shule. Uingereza, UCAS (mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo) hufunga Januari kwa kozi nyingi. Udaktari, Oxford na Cambridge ni katikati ya Oktoba. Anzeni Julai mnapoingia kidato cha sita. Na someni ukurasa wa chuo unaoitaja Tanzania: vingine vitataka mwaka wa maandalizi kwanza.

Bi Raskazone: Naongezea transkripti, maana hapa ndipo shule nyingi zinapolala. Chuo cha Marekani kinataka alama za miaka minne, kidato cha tatu hadi cha sita, somo kwa somo, zenye sahihi na muhuri. Ukipeleka karatasi ya "Division I, pointi 3" peke yake umejimaliza: kwetu pointi 3 ni AAA, hakuna zaidi, lakini kwa aliyezoea GPA (wastani wa alama) ya 4.0, ni mwanafunzi wa kawaida tu. Mwombe mwalimu wa taaluma aambatanishe maelezo mafupi: A ni pointi 1, F ni 7, pointi chache ndiyo sifa. Aandike pia kwamba A ya kidato cha sita inaanzia 80. Kwao 80 mara nyingi ni B, na msomaji asipoambiwa atapima kwa mizani yake.

Mtu wa Makorora: Majina jamani! Cheti cha kuzaliwa Mohamed, cheti cha NECTA Mohammed, pasipoti Muhammad. Kagua herufi kwa herufi kwenye usajili wa mtihani, kabla fomu haijaondoka shuleni. Baada ya hapo ni hati ya kiapo, au deed poll kama unabadili jina kabisa, na muda unakwenda. Pasipoti iombwe baada ya majina kulingana, si kabla.

Kijana wa Ngamiani: Na Kiingereza? Si tunafundishwa kwa Kiingereza toka kidato cha kwanza?

Bi Raskazone: Kwenye daftari, ndiyo, mdogo wangu. IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vingi, sehemu ya kusikiliza sauti inapigwa mara moja tu, na lafudhi si ya mwalimu wako. Kuandika ni dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza maneno 150, ya pili 250. Ya pili ina uzito mara mbili, lakini wengi wanamaliza dakika 40 kwenye ya kwanza kwa sababu ya grafu. Geuza: dakika 20 kwa ya kwanza, 40 kwa ya pili. Matokeo yanakubalika miaka miwili, hivyo usikimbilie kufanya kidato cha nne.

Mtu wa Makorora: Wengine wanafanya mtihani wa Kiingereza wa Duolingo, wa mtandaoni, nyumbani. Ni nafuu, ila umeme na mtandao visikatike katikati. Na hakikisha kwanza chuo chako kinaupokea.

Mwalimu Chumbageni: Moja limebaki, na hili shule haigusi kabisa: kutaja chanzo. Insha ya General Studies unaweza kuijaza hoja za desa (notisi za kukariri) na ukapata A. Chuoni, aya hiyohiyo bila kutaja mwandishi ni wizi wa kitaaluma, na adhabu yake inaweza kuwa sifuri au kufukuzwa. Zoezi la likizo: soma makala mbili zinazopingana, andika ukurasa mmoja kwa maneno yako, kila hoja iwe na jina la mwandishi na mwaka. Mpe mwalimu wa Kiingereza asahihishe vyanzo tu, sarufi aiache.

Kijana wa Ngamiani: Mwalimu, na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) baada ya kidato cha sita?

Mwalimu Chumbageni: Majina yakitoka, yaangalie mapema. Kambi inaweza kugongana na miadi ya viza.