Programu za video za mashairi: kazi yetu wanaifungia, kisha wanatuuzia!

Wanamuziki wenzangu wa Mombasa, nimekereka. Wewe unayetoa nyimbo kwa pesa zako mwenyewe, soma hili kabla hujaweka kadi yako popote.

Nilitaka video ya mashairi, maneno yaende sambamba na sauti. Nikapata programu ya mtandaoni iliyojitangaza kuwa ya BURE. Unapakia wimbo, yenyewe inasikiliza na kuandika. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake, lakini Kimvita ilikivuruga chote. Ikabidi nirekebishe neno kwa neno, sekunde kwa sekunde. Na mahadhi yetu yana taarabu ndani yake: silabi moja naivuta pumzi nzima, rangi yao ya kuonyesha neno linaloimbwa ishakimbilia neno la tatu!

Nimemaliza, nabonyeza kupakua, ndipo bei inajitokeza. Ya bure ni 720p, yaani picha ya ubora wa chini, na nembo yao imekaa katikati ya picha. Kuiondoa ni malipo ya kila mwezi, kwa dola, kwa kadi tu, M-Pesa hawaijui. Nikalipa, nikaghairi usajili, na mwezi uliofuata wakakata tena.

Hayo yote ningeyameza. Lililonichoma ni hili: niliomba faili la SRT, lenye mashairi na muda wa kila mstari, nikamalizie kazi kwingine. Ni maandishi matupu, hata picha moja ya simu ni nzito kuliko hilo. Wakanijibu hutolewa kwa wanaolipia mpango wa juu. Jamani! Mashairi yangu, sauti yangu, sekunde nimezipanga kwa masikio yangu, halafu nizinunue?

Kwa hivyo kabla ya kupanga hata ubeti mmoja, pakia kipande kifupi ujaribu kukitoa na faili lake. Kikikwama, hama. Programu ya Aegisub ni ya bure kweli, inapanga muda wa maneno hadi silabi, na faili linabaki kwako. Picha utaziunganisha kwa Kdenlive, programu ya kuhariri video, nayo ya bure, haiweki nembo. DaVinci Resolve ya bure, nayo ya kuhariri, inatoa video safi sana, hadi 4K, bila nembo, ila inataka kompyuta yenye nguvu.

Zote tatu ni za kompyuta, na wengi wetu tuna simu tu. Kama unatumia ya simu inayokupa SRT yako bila masharti, taja jina na bei hapa chini. Na wale waliokatwa pesa baada ya kughairi, mlirudishiwa vipi?