Tupeane uzoefu: biashara za kifamilia za Wamarekani Weusi kwenye mitaa tuliyofikia

Mtoto_wa_Pangani (Washington)
Habari za humu wakuu. Wengi wetu tulipofika Marekani tulianzia mitaa ya Weusi, kwa sababu ndiko kodi ilikoshikika. Kazi ya kwanza ukapewa na mgahawa wa familia, nywele ukanyolewa kwa mzee fulani, ukakopeshwa chakula na mama asiyejua hata jina lako. Naomba tusimuliane tulichokiona kwenye biashara hizo. Zipo hadi leo? Kama hazipo, ziliondokaje?

Naanza na mtaa wangu, U Street. Ben Ali, mzaliwa wa Trinidad, na mkewe Virginia walifungua mgahawa wa Ben's Chili Bowl mwaka 1958, ndani ya jengo lililowahi kuwa sinema. Aprili 1968, Martin Luther King alipouawa, mtaa ukawaka moto na watu wakakatazwa kutoka usiku. Wao wakaruhusiwa kubaki wazi, wakawalisha wanaharakati, zimamoto na polisi. Lakini wazee wa hapa hawaishii kwenye moto. Wanasimulia miaka ya themanini mwishoni, barabara ilipochimbwa kwa ajili ya treni ya chini ya ardhi na mteja hana pa kupita. Kituo kilifunguliwa 1991. Jirani zao wengi walishafunga, halafu mtaa ukapendeza na kodi ikaruka. Mzee Ben alifariki 2009, familia inaendelea. Tangu nijue habari hiyo, kila duka la Mmarekani Mweusi ninaloingia najiuliza kwanza: jengo hili ni la nani?

Mama_Pacha (Chicago, Kusini)
Asante kwa uzi huu. Mimi ni habari ya msiba.

Mpwa wangu alifariki ghafla. Kusafirisha mwili hadi Kisumu ni maelfu ya dola, na kampuni mbili kubwa za mazishi zilitaka pesa yote mkononi kabla ya kumpokea marehemu. Jirani akatupeleka kwenye nyumba ya mazishi ya familia moja, kizazi cha tatu sasa. Mwenyewe ni mama wa makamo, mtaa mzima unamwita "Miss" na jina lake la kwanza. Hakuanza na bei. Aliuliza marehemu alikuwa mtoto wa nani, na mama yake ameshaambiwa na nani. Akapokea tulichokuwa nacho, akamhifadhi kijana wetu, akashughulikia cheti cha kifo na karatasi za ubalozi, huku sisi tukichanga kila jioni kwenye simu. Pesa iliyobaki tulimlipa kidogo kidogo, na hakutupigia kutudai hata siku moja.

Aliniambia babu yake alianza kazi hiyo wakati wazungu hawakukubali kuzika maiti zetu. Gari lao la maiti ndilo lililokuwa pia gari la wagonjwa, maana la hospitali lilikuwa haliji mitaa ile. Jengo ni lao, alilinunua babu. Naamini ndiyo sababu aliweza kutusubiri. Anayedaiwa kodi kila tarehe mosi hana uwezo wa kumsubiri mfiwa.

Kinyozi_Temeke (Atlanta)
Mama Pacha pole sana, na umesema kweli.

Mimi nilikodi kiti kwa mzee mmoja. Kwa wasiojua: kinyozi huku mara nyingi haajiriwi, unamlipa mwenye duka kodi ya kiti kila wiki, kichwa unachonyoa ni chako. Wiki mbaya mzee alisema, "Utalipa ukipata." Jumamosi watoto waliokuwa na mechi ya shule aliwanyoa bure, na kijana akitoka jela alipewa ufagio siku hiyo hiyo ili awe na mahali pa kushinda. Alikaa jengo lile miaka mingi kwa makubaliano ya mdomo. Mwenye jengo alipofariki, warithi wakauza, mnunuzi akapandisha kodi karibu mara mbili. Wateja walikuwa wamejaa hadi siku tunang'oa vioo ukutani. Msiniambie biashara za Weusi zinakufa kwa kukosa wateja.

Baba_Neema (St. Paul)
Kwetu hawakuhitaji kupandisha kodi. Mtaa wa Weusi wa Rondo ulikatwa katikati na barabara kuu ya I-94, kati ya 1956 na 1968. Vinyozi, maduka, migahawa, vyote vilibomolewa pamoja na nyumba. Ukiendesha pale leo huoni chochote.

Shangazi_Harlem (New York)
Na mtaji walitoa wapi? Serikali yenyewe miaka ya 1930 ilichora ramani zilizopaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, maana yake mkopo hapo ni hatari. Ndiyo maana Sylvia Woods aliponunua mgahawa hapa Harlem mwaka 1962, pesa ilitoka kwa mama yake, aliyeweka rehani shamba la familia South Carolina. Nendeni mkale pale. Mboga ni sukuma tupu, ila wao wanaichemsha muda mrefu na nyama ya moshi. Mimi nikiiweka mdomoni namkumbuka mama yule na hati yake ya shamba.

Mtoto_wa_Pangani
Kinyozi, mzee aliishia wapi?

Kinyozi_Temeke
Mzee anapumzika, mgongo umemchosha. Binti yake ana leseni, amepata chumba mtaa wa pili. Jengo bado ni la kukodi, ila safari hii kuna mkataba wa miaka kumi, na nyongeza ya kila mwaka imeandikwa, na kifungu kwamba mwenye jengo akitaka kuuza aanze kumuuliza yeye. Viti viwili havina mtu. Mwenye leseni ya Georgia anitafute.