Chupa ya surua ifunguliwe kwa mtoto mmoja?

Mkwezi: Wakuu, chanjo ya surua huja kwenye chupa ya dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake ina saa 6, zikipita inamwagwa. Kwa hiyo kuna kliniki hazifungui mpaka watoto wafike kadhaa, na mama aliyekuja peke yake anaambiwa arudi Alhamisi. Shirika la Afya Duniani linasema fungua hata kwa mmoja. Tumwage dozi tisa au tumrudishe mama?

NesiWaZamu: Kusema rahisi, mkuu. Mwisho wa mwezi wilaya inakagua: chupa ngapi zimefunguliwa, wangapi wamechanjwa. BCG, ile ya kifua kikuu, ndiyo balaa, chupa ina dozi 20. Na akina mama nao, siku ya kliniki Alhamisi, anakuja Ijumaa saa nane katoka sokoni.

BintiLindi: "Katoka sokoni" ndiyo nini? Huko sokoni ndiko inakopatikana nauli ya kuja kwako! Boda kwenda na kurudi elfu sita, halafu unamwambia rudi Alhamisi huku unachati.

NesiWaZamu: Nachati saa ngapi, dada? Zahanati nzima niko peke yangu. Kupima uzito mimi, kadi mimi, sindano mimi.

Kabwela: Elfu sita? Unakaa mwezini? 😂

BintiLindi: Toka mjini kwanza ndiyo uje kucheka.

MzeeKipara: Si waiweke kwenye friji mpaka kesho? Mbona ya polio inakaa mwezi.

NesiWaZamu: Shikamoo mzee. Polio na pepopunda siku 28, ni kweli. Surua haina kitu cha kuzuia vijidudu. Sudan Kusini 2017 walichanganyia chupa nyingi kwa bomba la sindano lilelile siku nne, na chanjo ilikaa nje ya friji. Watoto 15 wakafa.

Kabwela: Malawi si waliteketeza kwa moto chanjo za korona karibu dozi elfu 20, mwaka 2021? Mbona hamkulia?

Mkwezi: Zile muda wake uliisha, usichanganye mambo. Mimi naongelea chupa iliyokwisha funguliwa. Majina ya watoto wa miezi 9 na 18 waliopitiliza tarehe ya chanjo ya surua yamo kwenye rejesta. Ikifika saa saba zimebaki dozi, mhudumu wa afya wa kijiji awapigie simu mama zao.

NesiWaZamu: Vocha ya nani?

BintiLindi: Ya hiyo unayochatia.

Kabwela: Jamani tusitoke nje ya mada. Boda ya elfu sita ni ya wapi hiyo?