Mafunzo kazini ya sanaa na jamii, Mombasa: Fort Jesus, Little Theatre au kikundi cha mtaani?

kusi_kali
Salamu zenu wote. Niko mwaka wa tatu, nasomea ualimu wa sanaa. Chuo kimetuachia Mei hadi Agosti tutafute pa kujifunza kazi, wiki 12. Nataka kushika watoto, si kukaa mapokezi kuandika majina ya wageni. Nimepeleka barua makumbusho ya Fort Jesus na ukumbi wa maigizo wa Little Theatre Club. Mbali na hizo kuna kikundi cha vijana huku kwetu Likoni, wanachora kuta na kuigiza barazani. Hawana ofisi wala posho. Mamangu ataka jina kubwa kwenye barua. Nauli ni mfukoni mwangu. Nishaurini.

BabaTudor
Mwanangu, nenda Ngomeni, yaani Fort Jesus. Ngome ilianza kujengwa 1593, urithi wa dunia tangu 2011, na shule zikiwa wazi mabasi hayakatiki pale mlangoni. Mimi nilipeleka darasa la nne. Kuna ile michoro ya merikebu ambayo Wareno waliichora ukutani. Mtoto mmoja akaikodolea macho, akaniuliza, "Mwalimu, hawa walichora ukuta na hawakuchapwa?" Somo zima likatoka hapo. Tulikaa chini, kila mmoja akachora chombo alichowahi kupanda. Nusu yao walichora feri, na mmoja akamchora mama yake ndani yake na beseni la maembe kichwani. Mahali pengine utaipata wapi nafasi kama hiyo?

sina_hamu_tena
Baba, kwa heshima, yategemea nani anakupokea. Mimi niliwahi kukaa mahali, sitapataja, jina kubwa vilevile. Wiki saba nilikata tiketi na kupeleka chai. Wiki ya nane nikapewa watoto, dakika ishirini, kwa sababu mwalimu wao alikuwa na harusi. Daftari langu la kila siku nilijaza "nimesaidia wageni" mpaka mkono ukachoka. Msimamizi wa chuo alipokuja aliuliza, "Ulifundisha nini?" Nikabaki kutazama viatu.
Dada/kaka, kabla hujakubali popote, uliza: nitasimama mbele ya watoto mara ngapi kwa wiki, na nani atanitazama nikifundisha? Wakijikunakuna kichwa, ondoka.

pazia_jekundu
Kuhusu maigizo nisemee mimi. Tamasha la drama la shule huisha Aprili. Ukiingia Mei utakuta walimu wamechoka na watoto wamerudi kwenye vitabu. Lakini la muziki hufika kileleni Agosti, kwa hiyo Juni na Julai shule zinatafuta mtu wa kunoa mashairi na ngoma kama zinavyotafuta maji. Ukienda ukumbini, omba wakutume shuleni. Jukwaa lenyewe linafunza taa na pazia, mambo mazuri, ila wewe umesema wataka watoto.

mama_pindo
Ngoja niseme ya mtaani maana naona mnakimbilia majengo. Mimi nimefundisha Mtongwe na Majengo, kisha Kisauni. Kitu kimoja hamtaambiwa na mtu: saa. Nilipanga darasa saa tisa alasiri, nikakaa na viazi vyangu peke yangu. Watoto wako madrasa! Nikahamia saa kumi na nusu, wakaja arubaini na mimi nina karatasi kumi na tano. Agosti ndiyo asubuhi zao huwa wazi, lakini likizo yenyewe ni fupi.
Somo lililonibeba ni kanga. Watoto wanaijua ila hawajawahi kuitazama: pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yaani maandishi. Unakata kiazi nusu, unachonga ua, unachovya rangi ya maji, unapiga kwenye karatasi ya manila. Pindo linawachosha kidogo, wanapinda mistari, hakuna shida. Kwenye jina ndipo wanapoamka. Binti wa miaka kumi aliandika "Niacheni nilale". Nyanya yake alicheka mpaka akaomba ile karatasi, akaibandika jikoni. Juma lililofuata alikuja yeye na majirani wawili, na kanga zao za zamani, kuwasomea watoto majina. Sikuwa nimemwalika mtu. Ushirikiano na jamii ninaoujua mimi ni huo.

BabaTudor
Hilo la nyanya limenishinda, nakubali. Lakini barua ya kikundi kisicho na ofisi chuo kitaikubali?

mama_pindo
Kama kimesajiliwa na kina mhuri na msimamizi anayeweza kusaini daftari, vyuo vingi hukubali. Aulize kwanza idarani. Na bima ya ajali asisahau, mahali pengi hawamwingizi mwanafunzi bila hiyo. Cheti cha tabia njema pia, anashika watoto wa watu.

kusi_kali
Shukran sana. Nimetoka idarani sasa hivi. Wamesema kugawa hizo wiki 12 kunawezekana mradi sehemu zisizidi mbili na kila moja iwe na msimamizi wake. Nafikiria hivi: wiki nane Ngomeni wakati shule ziko wazi, nne Likoni mwezi wa Agosti. Feri haina nauli kwa wenda miguu, kwa hiyo gharama ni matatu tu. Mama nimemwambia barua itakuwa na majina mawili, amenyamaza, maana yake amekubali.

sina_hamu_tena
Hao wa Ngomeni umewauliza lile swali?

kusi_kali
Naenda Jumatatu asubuhi. Nimeliandika kwenye kiganja.

mama_pindo
Ukimaliza nipigie simu kabla ya Agosti. Nina manila zilizobaki na kisu kisichokata vidole. Viazi nunua mwenyewe, vikubwa, vidogo vinateleza.