Naomba ushauri: nimepunguziwa siku za kazi na mshahara

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mpishi kwenye hoteli moja hapa Arusha, mkataba wangu ni wa kudumu. Tangu masika yaanze wageni wamepungua, mwajiri katupangia siku tatu kwa wiki badala ya sita. Mshahara wa 480,000 umekuwa 240,000, lakini rejesho la SACCOS la 110,000 liko palepale. Nikitoa hilo na NSSF nabaki na 106,000, kodi ya nyumba bado, watoto bado.

Nimeongea na meneja, akasema msimu ukirudi Julai tutarudishiwa siku zetu. Nikamwomba aliandike hilo, hakuandika. Badala yake tumepewa barua ya kukubali mabadiliko, tusaini wiki hii. Haina tarehe ya mwisho, na hapo ndipo usingizi unaponipotea. Najua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ashauriane nasi kabla ya kubadili masharti, na kwamba kuna CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi). Ila kazi naipenda, nisingependa tufikishane huko.

Naombeni mnisaidie hapa: nikisaini, halafu wakatupunguza kabisa, kiinua mgongo kitapigwa kwa mshahara wa zamani au huu wa nusu? Naweza kusaini nikiongeza kwa mkono "hadi Julai tu"?

Na mliowahi kuomba SACCOS warefushe marejesho, mlipeleka barua ya mwajiri au salary slip ilitosha?

Asanteni sana.