Mwanza hadi Musoma kwa baiskeli, kuchangia wagonjwa: tujipangeje?

mwana_kirumba
Wakuu, heshima kwenu. Tuko watu 12, tunataka kuendesha baiskeli kutoka Mwanza mjini hadi Musoma, kama km 220, mwezi wa 8. Lengo ni shilingi milioni 6 za nauli na chakula kwa wazazi wanaouguza watoto wa saratani pale hospitali ya Bugando. Baiskeli nyingi ni za gia, tatu ni Phoenix. Wengi hawajawahi kuvuka km 40. Miezi mitatu inatosha? Na pesa tukusanyie kwenye laini ya mwenyekiti?

spana_igoma
Inatosha mkiendesha mara tatu kwa wiki: siku mbili saa moja moja, Jumamosi safari ndefu inayoongezeka kama km 10 kila wiki. Mtihani wenu uwe Mwanza–Magu na kurudi, wiki tatu kabla. Atakayeshindwa huo apande gari la kusindikiza linalobeba maji, asibembelezwe.

Gaweni siku mbili, mlale Lamadi. Msianze saa 11 kwa ushujaa, kwetu huku kunapambazuka kuelekea saa 1 na malori hayawaoni. Saa 6 mchana muwe mmemaliza sehemu kubwa, maana baadaye upepo wa ziwani unaamka, na toka Lamadi kwenda Bunda unawapiga ubavuni. Kipande hichohicho kinapita geti la Ndabaka, ukingoni mwa Serengeti. Nyani wanakaa barabarani, kwa hiyo hakuna kula mkiwa mmesimama pale, na giza lisiwakute.

Baiskeli: pimeni mnyororo kwa rula, pini hadi pini. Pingili 12 kamili (ya nje na ya ndani huhesabiwa moja) ziwe inchi 12. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisheni, la sivyo unakula meno ya sproketi na kuanza kuruka kwenye mlima. Tandiko liwe juu kiasi kwamba kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini, mguu unanyooka. Wengi hukaa chini mno, magoti yanalalamika km 60 tu. Pancha nyingi za barabara hii si miiba, ni vijiwaya vya matairi ya malori yaliyopasuka. Ukitoa tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi mpaka waya upatikane, vinginevyo tyubu mpya inatoboka dakika ileile. Kila mtu tyubu mbili, za saizi yake. Phoenix ni 28, haziazimani na za 26.

dada_nyakato
Kwenye maji watu huteleza pande zote mbili. Nusu lita hadi robo tatu kwa saa, kidogo kidogo. Ukinywa maji matupu kwa wingi huku unatoka jasho, chumvi ya damu inashuka: kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba. Wenzako watadhani una kiu wakuongezee maji, ndipo inaharibika zaidi. Changanyeni wenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chakula, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na ndizi kila dakika 40 hivi. Nyama choma subirini Musoma.

mhazini_mstaafu
Laini ya mwenyekiti, hapana. Hata awe malaika, pesa itachanganyika na ya mboga. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na Lipa Namba yenye jina la kikundi. Taarifa ya akaunti iwekwe kwenye grupu kila Ijumaa.

Milioni 6 kwa watu 12 ni laki 5 kila mmoja, yaani wachangiaji 25 wa elfu 20. Kila mwendeshaji aandike majina yake 25 leo. Ahadi za “nitatoa mia kwa kila kilomita” zinapendeza, ila baada ya safari simu hazipokelewi. Chukueni kabla.

Mafuta, malazi na fundi visitoke kwenye mchango. Tafuteni mfadhili wa gharama, au mchangie wenyewe. Na kabla ya bango, nendeni ustawi wa jamii wa hospitali, wao ndio wanajua mzazi yupi amekwama.

mwana_kirumba
Shukrani sana wakuu. Vibali je?

mhazini_mstaafu
Cha kuchangisha, anzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Cha barabara, barua kwa ma-RTO (wakuu wa trafiki wa mikoa) watatu: Mwanza, Simiyu na Mara. Simiyu ndiyo husahaulika, na Lamadi iko huko.